Siku Mama Lugano Aliposema Hana Neno

Tusekile mwanangu,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Kama umeshafika bweni, kaa kitandani mwako ugeukie ukuta. Maneno haya yote ni siri. Usimsomee rafiki, usimpe mwalimu wa zamu hata akiyaomba kwa upole, wala usiyapige picha ukamtumia mtu. Sijaiba wala sijaua. Humu nimeandika habari za shauri ambalo bado liko mahakamani, na mmoja wa mashahidi ni mimi. Karani hatakiwi kubeba mambo ya majalada kwenye barua ya nyumbani. Ndiyo maana majina nimeyabadilisha. Ukimaliza, ikunje uiweke ndani ya Biblia yako, kwenye Mambo ya Nyakati, maana huko hafungui mtu.

Unaona? Watu humuaga mtoto kwa baraka, mimi nimeanza kwa masharti. Baba yako ni mwoga. Nadhani unajua, lakini sijawahi kukuambia mwenyewe, na kesho asubuhi unaondoka.

Habari za tranka, ndoo yenye mfuniko na masweta mawili sitazigusa. Mama yako amekwishakupa orodha, na jana nimemsikia akikusomea mara ya tatu kana kwamba unaenda kuishi mwezini, si Iringa. Sasa hivi ni saa kumi jioni. Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mama yako yuko jikoni anamenya ndizi, anaimba, na anajifanya hajui kwamba nimejifungia chumbani na karatasi za ofisini ambazo, kwa taarifa yako, nimezinunua kwa pesa yangu.

Ulizaliwa nikiwa na miaka ishirini na moja, nasomea sheria ngazi ya cheti. Bibi yako wa Kalenga alipopata habari alinipigia simu akasema, "Umesoma sheria zote ukashindwa ile moja." Kisha akacheka mpaka salio likakata. Mama yako ndiye aliyekupa jina la kwao, Tusekile, tumefurahi. Nami nilifurahi, lakini nilifurahi kama ninavyofanya mambo yote, nikiangalia nyuma kama kuna mtu ananiona.

Woga wangu una siku yake ya kuzaliwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mzee mmoja alikuja kaunta amechanganyikiwa, hajui kwa nini shauri lake limeamuliwa bila yeye kuwepo. Nikamwambia, "Mzee, andika kwamba hukuletewa wito." Maneno hayo tu. Mpinzani wake akasikia, akaenda kulalamika kwamba karani anapendelea upande. Nikapewa barua ya onyo, nusu ukurasa. Niliisoma hadi nikaikariri, na kutoka siku hiyo nikajitengenezea ngao: "Mimi ni karani, siruhusiwi kushauri." Kila aliyenisogelea na swali nilimpa sentensi hiyo. Ni ya kweli. Ubaya wake ndio huo, ni ya kweli, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunilaumu kwa kujificha nyuma yake.

Sasa nikupe habari ya Mama Lugano.

Alikuja Jumatano alasiri, tumebakiza muda mfupi tufunge. Nilikuwa na mafua makali, nataka kwenda nyumbani. Mama wa makamo, mrefu, mikono ya mtu wa jembe. Mume wake alikuwa amefariki, na kesho yake baba wa marehemu, yaani baba mkwe wake, alikuwa anakuja kuomba mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Maombi yake yalikuwa yamepigwa chapa vizuri, yameandaliwa na wakili, na kwenye orodha ya mali nyumba ilikuwa imeandikwa kuwa ni ya ukoo.

"Baba," akaniambia, "kesho nitasemaje?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Nyumba tumejenga na marehemu. Mchanga nimebeba mimi kutoka mtoni. Sitaki ihesabiwe ya ukoo. Lakini kusema sitaweza."

"Kwa nini usiweze?"

Akanitazama kama mtu anayetaniwa msibani. "Si baba mwenyewe atakuwepo?"

Tusekile, mimi nilidhani anamsema hakimu. Nikamjibu, "Usiogope, mama, hakimu wetu mpole." Akaniuliza tena aseme nini, nami nikatoa ngao yangu. Mimi ni karani, siruhusiwi kushauri. Akasema, "Haya, ahsante baba," akaondoka. Nikapiga chafya, nikafunga dirisha la kaunta.

Kesho yake walikuja. Yule mzee alikaa benchi la mbele, koti limepigwa pasi, kofia magotini. Mama Lugano aliingia wa mwisho. Hakukaa walipokaa wengine. Alikaa pembeni kabisa, amegeukia ukuta, kitenge kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Nikajisemea moyoni, huyu mama ana kinyongo.

Hakimu akamuuliza, "Mjane wa marehemu, una pingamizi lolote mwombaji akiteuliwa?"

Mama Lugano akavuta kitenge chini zaidi.

"Mama, umenisikia? Kama una jambo la kupinga, mahali pake ni hapa."

"Sina neno," akasema akiuambia ukuta.

Hakimu wetu si mtu wa pupa. Akamuuliza mara ya pili. "Una hakika?"

"Sina neno, baba."

Mmoja wa wazee wa baraza akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamnong'oneza mwenzake, "Mama mwenye heshima." Hakimu akaandika kwamba mwombaji ameteuliwa. Nami nilikuwa nimekaa pale mezani, hatua tatu kutoka kwake, najua kwamba jana yake mama huyu alikuwa na neno, tena kubwa, la nyumba na mchanga. Nikaitazama kalamu yangu. Nilikuwa na sababu zangu, na zote zilikuwa kwenye ile nusu ukurasa.

Jioni nikamsimulia mama yako kama kichekesho. Nikamwambia watu wa kwenu hawaeleweki, leo hivi kesho vile. Alikuwa anasonga ugali. Akauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Baba mkwe alikuwepo?"

"Si ndiye mwombaji."

"Amekaa wapi?"

"Mbele."

"Na yule mama kageukia ukutani."

"Umejuaje?"

"Wewe Mhehe wewe! Miaka yote hii Mbeya, ulichojifunza ni kula ndizi za mbalaga tu?"

Ndipo akanieleza. Mjini wengi wameacha, lakini ziko koo za Kinyakyusa ambazo bado zinashika: mkamwana hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, akisikia anakuja anapisha njia. Baba yangu mimi alifariki kabla sijaoa, kwa hiyo mwiko huo sikuwahi kuuona nyumbani kwangu. Yule "baba mwenyewe" hakuwa hakimu. Alikuwa mkwe, ambaye mama yule hakuweza hata kumtaja kwangu, sembuse kusimama mbele ya watu ampinge.

"Hakuwa anamjibu hakimu," mama yako akasema. "Alikuwa anamheshimu mkwe wake."

"Sasa angefanyaje?"

"Angesemewa."

Akarudi kwenye ugali wake. Mimi sikula vizuri. Nimesoma sheria miaka kadhaa, nimekaa kwenye vyumba vya semina nikinywa chai ya bure, na hakuna aliyenieleza kwa neno moja kazi ya wakili kama alivyonieleza mke wangu mbele ya sufuria ya ugali. Wakili si mkamwana wa mtu. Anaweza kumtazama yule mzee usoni, kwa adabu zote, akasema, "Mzee wangu, nyumba hii si ya ukoo," na dunia isipinduke.

Wewe ni mtoto wa maswali, najua utaniuliza kwa nini basi hakupewa. Kwa sababu mtu akishtakiwa kwa kosa zito kama mauaji, serikali humwekea wakili. Ni haki, wala siipingi. Lakini mashauri yanayopita kaunta yangu ni ya mirathi, ya mipaka ya mashamba, ya watoto na matunzo yao. Humo hafungwi mtu, kwa hiyo kila mmoja huja na mdomo wake. Zamani mawakili hata hawakuruhusiwa kwenye mahakama za mwanzo. Sasa sheria imelegeza, wanaingia, na aliyemudu huja naye. Asiyemudu anaweza kuomba msaada wa kisheria, upo, lakini sharti ajue upo. Mimi natamani siku moja iwe kwamba mtu anayeweza kupoteza nyumba aulizwe na mahakama yenyewe, kabla ya swali lolote, "Una wa kukusemea?" na akijibu hana, shauri lisimame mpaka apatikane. Hayo ni matamanio ya karani. Hayana mhuri.

Lakini lipo jambo ambalo halikuhitaji sheria mpya, nalo ndilo linaloniuma. Tangazo la msaada wa kisheria tulikuwa nalo pale pale. Lilibandikwa nyuma ya mlango wa kuingilia. Asubuhi mlango ukifunguliwa unaegemea ukuta, tangazo linafichika mpaka jioni mtu anapokuja kufunga. Waliolisoma miaka yote hiyo ni mlinzi na mimi. Kumwonyesha mtu tangazo la ukutani si kumshauri. Hata barua yangu ya onyo isingepata la kusema. Niliogopa kosa hadi nikaogopa na lisilo kosa.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, anataka nakala ya uamuzi. Ndugu wa marehemu walikuwa wamemwambia ahame wakishavuna viazi. Hakunilaumu. Alisema, "Shikamoo baba," mimi mdogo kwake, nikaona aibu hadi masikioni. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikavuta ule mlango, nikasema, "Mama, soma hapa." Akasema miwani hana. Nikamsomea kwa sauti, neno kwa neno, bila kuongeza langu. Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea kusikiliza. Siku hiyo hiyo nililibandua tangazo, nikalihamishia juu ya dirisha la kaunta kwa gundi niliyoazima masjala.

Hivyo ndivyo alivyompata wakili. Nitamwita Rehema. Ni binti, pengine mdogo kwangu, anakuja na bodaboda, joho amelikunja kwenye mfuko wa plastiki lisishike vumbi. Alipeleka maombi kwamba uteuzi ule utenguliwe, na mahakama ikaamuru nyumba isiguswe hadi shauri lisikilizwe. Kisha akaja kaunta.

"Wewe ndiye karani uliyekuwa na mafua?"

"Mafua gani?"

"Mteja wangu anasema siku moja kabla ya shauri aliongea na karani anapiga chafya. Akamwambia nyumba si ya ukoo. Ni kweli?"

Nikatazama kushoto na kulia. "Kweli."

"Utakuja kuyasema hayo mahakamani?"

"Ya mafua?"

"Ya mafua na ya nyumba." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Bila wewe, wao wanasema huyu mama amefundishwa neno baadaye."

Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri siku tisa. Nimewaza mshahara, nimewaza ada yako, nimewaza kuhamishiwa mahali ambapo mtandao unapatikana juu ya kichuguu. Siku ya kumi nikabisha mlango wa hakimu, nikamweleza yote nimesimama.

"Kwa nini hukuniambia mchana ule ule?"

"Niliogopa, mheshimiwa. Siruhusiwi kushauri."

"Kuniambia kwamba mtu alikuja kaunta ni kumshauri nani?" Akavua miwani. "Nilimuuliza mara mbili."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ningemuuliza mara kumi angejibu vilevile."

Akaniagiza niandike barua, akaipeleka kwa wakubwa mwenyewe. Shauri atalisikiliza hakimu mwingine. Ijumaa nimejibiwa kwamba niko huru kutoa ushahidi. Barua haisemi nini kitafuata, nami nimeisoma mara nyingi nikitafuta. Ofisini wapo walioanza kunitania, "Wakili bila joho, leo unamtetea nani?" Mmoja amehamishia kikombe chake cha chai meza nyingine. Nami kwa ajabu, Tusekile, nalala vizuri. Muulize mama yako, anasema nimeanza kukoroma.

Yule mzee, baba mkwe, alikuja pia kaunta wiki iliyopita, peke yake. Nikaanza kumweleza kwamba mimi ni shahidi, haifai tuzungumze. Akanikatiza. "Kijana, sikuulizi ya shauri. Alipokuja hapa, alilia?"

"Hapana, mzee."

"Afadhali," akasema. "Mimi nikikohoa tu, yeye anapita nyuma ya nyumba. Ningejuaje kama ana neno?" Akavaa kofia akaondoka. Nimefikiri sana juu yake. Nilitaka awe mtu mbaya ili kazi yangu iwe rahisi, na si mtu mbaya. Wanawe, wale ndugu wa marehemu, ndio wanaomsukuma. Pengine naye alihitaji mtu wa kumwambia kile ambacho adabu ya nyumbani kwake ilikuwa inamficha.

Nimebakiza moja, nalo ni letu sisi wawili.

Ulipokuwa darasa la tano waliniita shuleni. Kioo cha ofisi kilikuwa kimevunjwa, na wewe ulikuwa umesimama karibu. Nakumbuka soksi zako, moja imeshuka. Ulinitazama nilipoingia, na uso wako ukafunguka, kwa sababu ulidhani amefika mtu wako. Ukaniambia, "Baba, si mimi." Nami nilikuamini. Nataka ulijue hilo, nilikuamini pale pale. Lakini mwalimu mkuu alikuwa amekasirika, na mimi nikiona mkubwa amekasirika nakubali lolote. Nikakwambia, "Omba msamaha, mama, yaishe." Ukaomba. Ulisema "nisamehe mwalimu" kwa sauti ndogo sana, ukiangalia dirisha. Wote tuliokuwepo ofisini tukaridhika. Mtoto mwenye heshima.

Njiani nilikununulia karanga, ukazishika mpaka nyumbani bila kula. Baadaye yule mtoto mwingine alikiri, wewe ukarudi kucheza, na mimi nikajiambia mambo yameisha. Hayakuisha. Siku Mama Lugano alipouambia ukuta kwamba hana neno, nilikuwa nimeshawahi kuisikia sauti ile. Ulihitaji mtu wa kukusemea, nikaja kukunyamazisha. Nisamehe, mwanangu. Sikuandikii ili unijibu vizuri. Kaa nalo kadiri unavyotaka.

Sikuachii mafundisho mengi, kwa sababu lenyewe hili moja nimelijua nikiwa na miaka thelathini na tano. Huko uendako utakutana na wasichana kutoka kila kona, kila mmoja na adabu za kwao. Mwingine atanyamaza mbele ya matroni na utadhani amekubali. Mwingine ataulizwa nani kachukua ndoo, atatazama chini, na watasema ndiye. Mtu akisema yuko sawa na huku ameugeukia ukuta, msogelee baadaye, peke yenu, umuulize tena. Na ikikufika wewe mwenyewe, ukashindwa kusema, si aibu. Mtafute wa kukusemea. Mimi nimeomba kazi hiyo upya, kama bado iko wazi.

Nimekusikia langoni, unacheka na mtu, pengine ni yule wa sauti ya pili aliyeazima kitabu chako cha nyimbo. Naandika haraka.

Namna ya kunipata ni hii. Shule inaruhusu simu ya matroni Jumapili baada ya ibada. Namba yangu nimeiandika ndani ya jalada la daftari lako la hesabu, na ya mama yako chini yake. Jambo likiwa kubwa, usisubiri Jumapili, mwombe matroni umpigie Bibi. Kalenga hadi hapo shuleni si mbali, naye ameniapia kwamba akiitwa atafika hata kwa miguu. Mwamkie "kamwene" kabla ya kumweleza shida, la sivyo atakufundisha kwanza salamu. Barua za kawaida tumia sanduku la posta la usharika wetu, usitumie la ofisini. Wakinihamisha, Bibi atakuwa wa kwanza kujua nimepelekwa wapi.

Shauri ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nimemwomba matroni kwa simu, na amekubali kwamba siku hiyo akupe dakika tano ingawa si Jumapili. Sikumweleza sababu. Usipige kabla ya saa saba mchana, maana mahakamani simu huzimwa, na safari hii sitakuwa mezani na jalada, nitakuwa nimesimama kizimbani pa mashahidi. Baada ya saa saba nitaiwasha. Isipoita mara ya kwanza, piga tena. Nikipokea usinisalimie kwanza. Niulize nimesema nini.

Baba yako